Kilo Nane Zimepotea

Kila Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi, kabla lango la stoo ya nafaka alikofanya kazi halijafunguliwa na wakulima hawajaanza kupanga foleni na matrekta yao, Linah Chepkemei alivua viatu, akaweka simu na funguo mezani, akapanda kwenye mizani ya magunia. Mizani hiyo ilikuwa ya kupimia mahindi, na kila mwaka afisa wa vipimo alikuja kuikagua na kuigonga muhuri. Linah hakuamini mizani nyingine. Zile ndogo za kukanyaga sebuleni, alisema, zinaogopa watu.

Mwezi wa Januari mizani ilisema kilo tisini na moja. Gunia la mahindi makavu ni kilo tisini, kwa hivyo Linah alikuwa gunia zima na kilo moja ya ziada. Wapagazi wa stoo walijua kusoma mizani hata wakiwa mbali, ila walikuwa na adabu ya kutosha, hawakusema kitu.

Kilichompeleka kwenye mizani ni dada yake Jerono. Jerono alikuwa na kiuno kile kile. Tangu usichana walikuwa wakiazimana sketi. Kisha sukari ikamshika Jerono, ikachukua kidole cha mguu, ikachukua mguu mpaka gotini, ikamchukua Jerono mwenyewe akiwa na miaka arobaini na saba. Linah ana arobaini na nne. Baada ya mazishi alienda kliniki moja mjini Kitale, na muuguzi wa lishe aliyeitwa Sista Wamboi akamzungushia futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, akasoma sentimita mia moja kumi na mbili.

"Mwanamke akipita themanini na nane, mimi huanza kuogopa," alisema Sista Wamboi. "Wewe umepita, halafu ukapita tena. Hii ya kiuno ndiyo mbaya. Inakaa karibu na ini, karibu na kila kitu."

Linah alitaka kujua kama kuna zoezi la kuondoa kiuno peke yake, maana mashavu yake aliyapenda. Sista Wamboi akamwambia hakuna. Mafuta yana utaratibu wake wa kutoka: huanza na uso, yakaja mabega na mikono, na kiuno hutoka mwisho kabisa, kama mpangaji anayejua sheria. Akamwandikia karatasi. Ugali uwe wa ukubwa wa ngumi yake, si ngumi ya mume wake. Nusu ya sahani iwe managu, kunde au sukuma wiki isiyoogelea kwenye mafuta. Chai bila sukari. Soda na mandazi, kwaheri. Atembee haraka au akimbie dakika arobaini, siku tano kwa wiki, na siku tatu ainue kitu kizito. Na alale mapema, kwa sababu mtu asiyelala hula.

Aliifuata ile karatasi neno kwa neno, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imemfundisha kufuata karatasi. Akitoka kazini alibadilisha viatu nyumbani kwake Matisi, akakimbia polepole mpaka Kibomet, akageuka penye kalavati, akarudi. Uani alinyanyua jerikani mbili za maji, kisha akalalia viwiko na vidole vya miguu, tumbo likiwa hewani, mpaka ahesabu sitini. Majirani walimtazama wiki ya kwanza. Wiki ya pili walikuwa wamezoea.

Sasa, mtu akipungua, wengi hudhani zile kilo zinaisha tu, basi. Linah naye alidhani hivyo, ingawa yeye hasa alipaswa kujua. Gunia likiingia stoo na kilo tisini na tano, likatoka na tisini, mkulima huuliza zile tano zimeenda wapi, na lazima ajibiwe kwamba yalikuwa maji, na aonyeshwe mashine ya unyevu. Kwa mwili wake mwenyewe hakuuliza. Kilo zilikuwa zikidondoka njiani.

Kufikia Aprili zilikuwa nane. Mumewe, Hillary, alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Bungoma. Siku za wiki alilala kwa mama yake huko Kabuchai, na kila Jumamosi alikuja Matisi. Linah alipompigia simu mama mkwe wake, Mama Nakhungu, kumjulia hali, akampa na ile habari njema. Kosa lilitokea hapo, kama kuna mtu anataka kujua ni wapi hasa. Hakusema amepunguza. Alisema vile wanavyosema vijana wa mjini na watangazaji wa redio.

"Mama, nimepoteza kilo nane."

Kwa Nakhungu ilisikika sufuria ikiwekwa chini.

"Kiro nane," akasema. Huko Kabuchai l na r hubadilishana viti bila kuulizana. "Kiro nane za nini?"

"Zangu, Mama. Za mwili."

"Umepotezea wapi?"

"Huku tu, nikikimbia."

"Na umetafuta?"

Linah alicheka. Nakhungu hakucheka. Ni mwanamke ambaye ndama wake akikosa kuonekana jioni, hangoji asubuhi.

Jumapili iliyofuata Wekoye, mdogo wake Hillary na katibu wa kanisa lao, alisimama baada ya mahubiri kusoma matangazo. Mtamba mweusi mwenye doa jeupe usoni hajaonekana tangu Jumatano. Kitambulisho cha kijana fulani kimeokotwa sokoni. Kisha, kwa sauti ile ile: "Zimepotea kilo nane, mali ya boma ya Mama Nakhungu. Zilikuwa kwa mwili wa mke wa Hillary. Zilionekana mara ya mwisho barabara ya Matisi kwenda Kibomet. Atakayeziona azilete, ama apigie katibu simu." Tangazo likaingia kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, likatoka hapo likaenda redio moja ya Kibukusu, likasomwa katikati ya vifo na mnada wa ng'ombe.

Kilo ya kwanza ilifika kwa Nakhungu Jumanne. Mkata nyasi mmoja wa Kibomet alikuwa ameiona kando ya kalavati tangu Februari, hakuigusa, akijua mwenyewe atarudi. Ya pili na ya tatu zililetwa na mwanamke aliyekuwa akienda Bungoma kutazama wazazi wake. Zilikuwa kwenye mfuko mmoja na kuku. Mwishoni mwa Mei zote nane zilikuwa zimepatikana. Ikaja na ya tisa. Nakhungu aliigeuza mara mbili, akasema hii si ya mke wa Hillary, hii ni ya mwanamume, tena mnywaji. Ikawekwa kando kwenye karai, na Wekoye akaitangaza Jumapili mbili mfululizo, ila hakuna aliyejitokeza.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona kilo ya mtu ikiwa peke yake: ni kitu cha rangi ya samli iliyoganda, ukubwa wa mkate, laini, chenye joto hata asubuhi ya baridi. Hakinuki vibaya. Kilo za Linah zilinuka sabuni aliyokuwa akiogea mwaka ambao kila moja iliingia mwilini. Hizi za mwanzo, za mashavu na mabega, zilikuwa tulivu. Ukiziweka mahali, zinakaa.

Za kiuno zilikuwa na tabia nyingine. Zilianza kutoka Juni, na hazikukaa njiani kungoja kuokotwa. Zilirudi. Linah alifungua mlango asubuhi akakuta moja imeegemea kizingiti, ina alama ya mpira wa sketi iliyokatiza katikati. Ni mtu wa kutaka kujua mambo, kwa hivyo akaifunga kwenye leso, akaipeleka kazini, akaipima kwenye mizani ndogo ya sampuli. Ilikuwa gramu elfu moja na nne. Alifikiria zile nne zilitoka wapi, akaamua labda ni chumvi. Jioni aliibeba kurudi nyumbani akiwa ameishikilia nyongani, vile mtu anavyobeba karai la nguo. Alipofika Matisi leso ilikuwa tupu na sketi imembana. Jumatatu mizani ikathibitisha.

Ilimchukua wiki tatu kuipoteza tena. Safari hii iliokotwa na muuza mboga wa pale Matisi, ambaye alimwambia mtu mzima hafai kuangusha kitu kimoja mara mbili.

Tangu siku hiyo Linah aliogopa, na haina haja ya kufichwa. Alipofungua mlango asubuhi alitanguliza fagio. Alikuta moja, siku nyingine mbili, zimeegemea pale kwa upole, zikingoja kuingia kwao. Hazikuwa na ubaya wowote usoni, maana hazikuwa na uso. Alizisukuma kwa fagio mpaka kwenye gunia, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya katani, akaita bodaboda azipeleke kwa yule mwenye pikapu anayeshuka Bungoma kila Alhamisi. Zile tatu za kwanza zilipelekwa hivyo. Zilizofuata hazikuhitaji kupelekwa. Zilijua njia, zikashika barabara zenyewe, na watu walizipita wakidhani zimetumwa.

Na asidanganye mtu, jambo hilo lilimfaa Linah. Mlango wake ukawa mtupu. Alikula ugali wake wa ngumi moja kwa amani, akalala fofofo.

Alichogundua baadaye ni kwamba Hillary alikuwa amekosa kuja Jumamosi tatu.

Mwezi wa Agosti akaamua kwenda kujionea. Katika nyumba ya Nakhungu kiti cha Linah kilikuwa kile cha kando ya dirisha, chenye kitambaa cha kufuma. Kilo kumi na tatu zilikuwa zimekikalia. Zilikuwa zimeshikana, hata mahali pa kuungana hapakuonekana, na zilikuwa zimevishwa gauni lake la bluu alilolisahau wakati wa Pasaka. Juu kabisa, pale ambapo kichwa kingekuwa, palifungwa kitambaa cha kichwa, nadhifu. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai.

"Karibu, Mama Tabby. Kaa pare," Nakhungu akasema, akimwonyesha benchi. Tabby ni binti yao wa pekee, anayesomea uuguzi Eldoret.

Linah alikaa. Wakaingia wanawake wawili wa kanisa waliokuwa wakipita. Walimsalimia Nakhungu, wakaenda kwenye kiti cha dirishani wakasema habari ya siku mingi, Mama Tabby, umekaa vizuri kweli, ndipo wakamgeukia Linah wakampa mkono. Hawakuwa na nia mbaya. Walianza na aliyekuwa mkubwa.

Walipotoka, Nakhungu aliketi karibu naye.

"Chukua vitu zako," akasema. "Mimi nimechunga. Sasa mwenyewe amekuja."

"Mama, siwezi. Kliniki wamekataa. Jerono alikuwa na hizi hizi."

"Jerono arikufa na sukari. Hakukufa na mafuta."

"Ni kitu moja, Mama."

"Si kitu moja. Wewe sikiza." Nakhungu alishika goti la Linah, akashangaa kidogo kuukuta mfupa karibu, akaendelea. "Uriretwa hapa mwembamba. Watu wakasema Hillary ameoa mgonjwa. Si ni mimi nirikuweka kwa hii nyumba siku arobaini Tabby akizaliwa? Uji ya wimbi, kuku, maziwa. Nirikuwa naamka kabra ya jogoo. Hizi kiro ni mimi niriweka, moja moja, na huu mkono. Sasa wewe unamwaga kwa barabara."

Linah alijua ni kweli. Aliukumbuka ule uji. Mama yake mzazi alikuwa amekufa mapema, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumnywesha uji akimshikia kibuyu. Alimpenda mama mkwe wake, na pale kwenye benchi alitamani kungekuwa na namna ya kumrudishia kilo zile na bado wabaki na ule uji.

Jioni Hillary alifika kutoka dukani. Alimsalimia Linah vizuri, akamuuliza habari za Kitale, kisha akavuta kigoda akakaa kando ya kiti cha dirishani, mahali ambapo bila shaka alikuwa amezoea kukaa.

"Huwa unaiongelesha?" Linah akauliza. Alitaka kujua, si ugomvi.

"Kiasi."

"Na inasema nini?"

Hillary alifikiri. Ni mtu mpole, haongopi. "Haisemi. Inasikiliza tu. Haina maneno, bana."

Linah alitazama kilo zake. Zilikuwa zimeelekea kwake kidogo, kama nyasi zinavyoelekea upande wa upepo, na alihisi joto lao mpaka pale kwenye benchi. Akasogea mwisho wa benchi.

Oktoba Wekoye alisoma tangazo jingine. Kanisa lingefanya harusi ya pamoja mwezi wa Desemba, kwa wale wote walioishi miaka mingi kama mume na mke bila kubarikiwa. Hillary na Linah walikuwa nambari nne kwenye orodha. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamepelekwa kwao Linah zamani, ila madhabahu ilikuwa ikiahirishwa kila mwaka: mara Tabby aanze shule, mara paa livuje, mara baba yake Hillary afe. Miaka ishirini na mbili Linah alikuwa akiketi na wanawake ambao hawajapewa pete, nyuma. Wekoye alipompigia simu kumwambia, alijificha nyuma ya magunia akalia kwa furaha, akafuta uso, akarudi kwenye mizani.

Gauni lilishonwa Bungoma. Nakhungu ndiye aliyeenda kwa fundi. Fundi alikuwa na daftari la vipimo, na humo vipimo vya Linah vilikuwepo tangu aliposhonewa sare ya mazishi ya baba mkwe: kiuno, mia moja kumi na mbili. Nakhungu akasema ashone kwa hicho hicho, wala hakuna haja ya kusumbua mtu Kitale.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe mizani ya stoo ilisema sabini na nne. Sista Wamboi alizungusha futi yake, akasoma, akaizungusha tena, akaandika themanini na saba. Akamtoboa kidole, akaangalia sukari, ilikuwa imeshuka mahali pake.

"Ile ngumu imetoka," alisema. "Wewe sasa kazi yako ni moja. Usiiruhusu irudi. Ikirudi mara ya pili huwa inakuja na wenzake."

Siku ya harusi, saa mbili asubuhi, Linah alisimama katikati ya chumba cha Nakhungu akiwa na shimizi. Nakhungu alimpitishia gauni kichwani, na gauni likapita lote, likatua sakafuni, likamzunguka miguuni. Walijaribu tena. Walijaribu na pini. Kiuno kilikunjamana mbele na nyuma, na Nakhungu akasema anafanana na mtu aliyefungwa kwa gunia ili aibwe. Nje wanawake walikuwa tayari wanaimba.

Kilo kumi na saba zilikuwa kitini, kando ya dirisha.

"Ni siku moja tu," Nakhungu alisema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Unazivaa kwa ndani. Mchungaji akimariza, unatoa. Hakuna mtu atajua."

"Hazitoki kwa siku moja, Mama. Zimenichukua mwaka."

"Utakimbia tena. Si miguu uko nayo?"

Linah alijua hali ilivyokuwa. Angekaa tu kwenye kile kiti, na zingeingia zote, na gauni lingemshika vizuri, na angetembea katikati ya kanisa na mume wake wakiimbiwa. Alilitaka jambo hilo kuliko kitu kingine chochote alichokumbuka kutaka. Kilo zilimwelekea zote kwa pamoja. Joto lao lilimfika tumboni, na ngozi ya kiuno chake ikaanza kulegea, ikizipa nafasi.

Akakumbuka viatu vya Jerono. Baada ya kukatwa mguu, Jerono aliendelea kununua viatu jozi, kwa kuwa havikuuzwa kimoja kimoja, na alipokufa walikuta chini ya kitanda viatu sita vya mguu wa kulia, vipya, nyayo zao hazijaguswa na vumbi.

Linah alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Hapana, Mama."

Nakhungu hakukasirika. Alimtazama kwa muda, akatazama gauni, akatazama saa ya ukutani. Kisha akaokota gauni sakafuni, akalikung'uta, akaenda nalo kwenye kiti cha dirishani. Liliingia mara moja. Kiuno kilikaa sawasawa, bila pini hata moja.

Hillary na Wekoye walibeba kiti mpaka kanisani. Hakuna aliyeona ajabu, kwani bibi harusi wa nambari saba alikuwa na malaria na yeye pia aliletwa kwa kiti. Mchungaji alienda jozi kwa jozi. Alipofika nambari nne alisoma, "Hillary, na Linah Chepkemei," akamuuliza Hillary, Hillary akasema ndiyo. Akauliza upande wa pili. Kilo zilinyamaza. Bibi harusi wa nambari mbili naye alikuwa amenyamaza, kwa haya, na mchungaji alikuwa amehesabu hiyo kuwa ndiyo, basi akahesabu na hii.

Linah alikuwa safu ya tatu. Alisema ndiyo, kwa sauti ya kawaida. Mama aliyekaa kando yake alimsogezea kitabu cha nyimbo, akamwonyesha ukurasa.

Pete haikuwa na kidole. Hillary aliibonyeza taratibu ubavuni, ikazama nusu, ikakaa. Watu wakapiga vigelegele, na Linah akaminya mikono yake mpaka vikaisha.

Kwenye meza ya cheti Wekoye alikwama. Kila jozi ilihitaji shahidi kila upande, na upande wa bibi harusi nambari nne hapakuwa na mtu. Wazazi wa Linah walikuwa wamekufa, Jerono amekufa, Tabby alikuwa zamu wodini Eldoret. Wekoye akazungusha macho kanisani, akamwona Linah.

"Shemeji," alisema polepole, kwa aibu kidogo, kwa kuwa alikuwa bado anamjua. "Si unisaidie hapa."

Linah alitia sahihi. Wekoye akauliza kwenye mstari wa uhusiano aandike nini, naye Linah akamwambia aandike dada. Hillary alikuwa amesimama karibu, akamshukuru, akamwambia asiondoke kabla ya chakula.

Nje, chini ya hema, simu yake ililia. Mtu alikuwa ametuma picha kwenye kundi la familia, na Tabby alikuwa ameshajibu kutoka Eldoret: "Mum umeng'ara sana. Hujawahi kukaa poa hivi." Linah aliitazama ile picha. Gauni lilikuwa zuri kweli. Aliandika asante mwanangu, akarudisha simu mkobani.

Chakula kilipoanza kupakuliwa Nakhungu alipita meza kwa meza na sufuria ya ugali, akihakikisha hakuna mtu amesahauliwa, kama ilivyo desturi yake. Alifika kwa Linah, akaiona sahani yake: mboga nusu, kipande cha kuku, ugali wa ngumi moja. Akasimama.

"Umetoka mbari, mama?" akamuuliza, kwa heshima ya mtu na mgeni wake. Hakuwa anaigiza.

Linah alimjibu. "Kitale."

"Ooh. Bibi ya mtoto yangu pia arikuwa anakaa Kitale. Siku hizi ako hapa na sisi." Nakhungu aligeuza macho kwenye kile kiti, kilichowekwa mezani mbele kando ya Hillary, akatabasamu. Kisha akamrudia Linah, akamkagua toka mabegani mpaka kiunoni, na uso wake ukajaa huruma. "Na wewe hapana mtu anakurisha huko?"

Akamkatia ugali mwingine mkubwa, akauweka juu ya ule wa kwanza, akaongeza mchuzi. Akabaki amesimama pale pale, mwiko mkononi, akingoja amwone anakula.